Gredi Wani na Watu wa Kushoto

Juzi nilipita pale ghalani nilikofanya kazi miaka kumi na tisa. Nikamkuta binti mmoja, sura nzuri, kucha ndefu, ameshika kile kidude cha kupimia unyevu. Anakichomeka kwenye gunia, anasubiri kilie, anaandika. Nikamuuliza, "Mwanangu, korosho umezishika?" Akanitazama kama nimemwambia aoshe miguu ya ng'ombe. "Mama, mashine inasema gredi yenyewe."

Sawa. Inasema. Sina ugomvi na mashine, maana mashine haina shemeji wa kuipigia simu. Ila nyie mnaoanza kazi msimu huu, kaeni hapa kidogo niwasimulie. Mimi sijazeeka, nina miaka arobaini na saba, ni kifua tu kimeniambia vumbi la magunia limetosha. Nimestaafu kwa kanga doti moja na soda ya moto. Lakini kuhusu hili neno gredi, nawaambieni, nimelifanyia kazi kuliko Waingereza wenyewe.

Nilipoingia ghalani nilikuwa na darasa la saba na mtoto mgongoni. Neno gredi nilijua ni la korosho tu. Gredi wani, nyeupe, kavu, nzito. Anda gredi, zilizooza, zilizosinyaa, zenye maji. Basi. Nikadhani nikishajua hayo mawili nimemaliza Kiingereza.

Kumbe hilo neno limeenda kila mahali kabla yangu. Sokoni Nachingwea mchele una gredi. Mitumba ina gredi. Kuna shati gredi wani lisilo na kola, mniambie linakuwaje. Maofisa wakija kutoka mjini, mmoja anakataa kulala gesti ya kijijini anasema gredi yake haimruhusu. Nilimtazama yule baba, nikatafuta hiyo gredi imeandikwa wapi mwilini, sikuiona. Nikakumbuka tu kwamba kunguni hawajui kusoma.

Tulienda harusi Ruangwa kwa wakwe wa shemeji yangu. Kulikuwa na maturubai matatu. La kwanza viti vimevalishwa vitambaa, mnapewa soda. La pili viti vitupu, maji ya chupa. La tatu mabenchi ya shule, na maji ya ndoo. Mimi na mume wangu tukapelekwa la pili. Mume wangu akafurahi, "Mama Agripina, afadhali hatuko anda!" Na mimi, Mungu anisamehe, niliyepokea Komunyo asubuhi ileile, nikageuka kuangalia nani kakaa turubai la tatu. Unaona ugonjwa huo? Neno lilitoka kwenye gunia likaingia kwenye shingo yangu, likaigeuza.

Na shule ya jioni. Kulikuwa na mwalimu mmoja kijana anatoka Ruangwa kwa pikipiki, anatufundisha watu wazima pale shule ya msingi, saa kumi na moja, tunakaa madawati ya watoto magoti yanagusa kidevu. Siku moja akaandika neno lenyewe ubaoni akasema, "Nani anajua maana yake?" Nikasimama. Nikamwambia gredi ya korosho, gredi ya mtihani, gredi ya mshahara, gredi ya mitumba, gredi ya matofali, gredi ya mahari.

"Mahari?" akashtuka.

"Ndiyo, mwalimu. Wajomba wakija posa wanauliza binti gredi gani. Akiwa amefika kidato cha nne bei nyingine."

Darasa likacheka, yeye hakucheka, alikuwa hajaoa. Akaniambia nimesahau moja. Greda, lile la barabara, nalo ni hilohilo neno. Nikambishia. Greda linapita wakati mgeni mkubwa anakuja, linakwangua matuta, barabara inakuwa sawasawa mpaka mvua ya kwanza. Sasa inakuwaje neno moja, barabarani lisawazishe matuta, kwa watu liyatengeneze? Mwalimu akasema hilo si swali la Kiingereza, ni swali la mahubiri. Mwisho wa muhula akanipa D. Nikamuuliza D ni kushoto au kulia. Hakuelewa.

Hamjaelewa na nyie, ngojeni niwaeleze.

Ghala letu lilikuwa na mlango mmoja mpana. Gunia likipimwa likawa gredi wani, linapangwa kulia kwa mlango. Likiwa anda, kushoto. Hakuna aliyeweka sheria hiyo, tuliikuta. Sasa sisi Wakristo tukiona kushoto tunakumbuka wale mbuzi wa kwenye Injili, na jirani zetu Waislamu wana mambo yao ya kitabu cha mkono wa kushoto, basi kijiji kizima kikakubaliana bila kikao kwamba kushoto ni pabaya. Gunia lako likikaa kushoto, mwaka mzima ninyi ni watu wa kushoto. Mtoto wako akifeli hesabu, "Aa, si wale wa kushoto?" Supu yako ikiwa na chumvi nyingi, kushoto. Nimeona mtu anahamia Ruponda kwa ajili ya magunia mawili.

Na mwenye kusema hili liende kulia, hili kushoto, alikuwa ni mimi, na bambo langu la kuchomea magunia na kisu changu, na vidole vyeusi kwa mafuta ya korosho. Padri alipokuwa mgeni aliniwekea Komunyo ulimini kila mara, akidhani mkono ni mchafu. Nilimwacha. Utamweleza nini mtu anayetoka nchi ya ngano?

Aliyenifundisha kazi ni Bi Somoe. Mmwera, mwanamke mfupi, mjane, hajawahi kushika kalamu. Msimu wangu wa kwanza alikuja mzee mmoja na korosho zinang'aa kama meno ya mtoto. Nikazipitisha. Bi Somoe akaja nyuma yangu, akachota konzi moja, akaiweka sikioni akaitikisa.

"Bubu," akasema.

"Bibi, lakini zinang'aa."

"Hata kipara cha mwenyekiti kinang'aa. Korosho kavu inasema. Kokwa ndani imejitenga na ganda, ukitikisa inagonga. Hii imenyamaza. Hii ina maji. Nusa."

Nikanusa. Mafuta ya kupikia! Mzee alikuwa amezisugua kwa gunia lenye mafuta. Nikaona aibu mpaka nikatamani niingie ndani ya ganda. Lakini Bi Somoe hakunisema mbele ya watu. Alinikalisha chini wiki nzima. Chota, tikisa, sikiliza, halafu ndiyo ukate. Kabla ya kisu, sikio. Akanieleza na sababu, na hii mshike: korosho za kijiji zinapakiwa lori moja. Zikifika ghala kuu wanachoma bambo popote wanapotaka. Wakikuta bubu, hawakuulizi gunia la nani, mzigo wote unaandikwa anda. Uchoyo wa mmoja wanakula wote.

Baadaye Bi Somoe akaacha kazi, akabaki na shamba lake. Kila msimu analeta magunia yake, nayatikisa, yanasema kama kayamba, yanakwenda kulia. Maisha yake yote hakuwahi kukaa kushoto. Alikuwa anajisifu, sisemi hakuwa. Na kwa ulimi hakuna aliyemuweza. Tulikuwa na mzee mmoja Mmakonde, fundi wa baiskeli, mtani wake. Yule mzee akitupa neno, kabla halijatua limeshajibiwa, na nyongeza juu.

Sasa nawaletea msimu wangu wa mwisho.

Ilikuwa Jumatano, lori linakuja Jumamosi. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshapiga, zile za kushtukiza. Watu wamejaa mlangoni. Bi Somoe akashuka kwenye guta na magunia manne. Nyuma yake kwenye foleni, Katibu wetu wa chama cha ushirika na magunia yake sita, ameyashonea uzi wa rangi kabisa ili tujue ni ya Katibu.

"Shikamoo, Bi Somoe."

"Zimekauka vizuri mwaka huu," akanijibu.

Watu wakacheka. Wakasema bibi kaanza majivuno hata kabla ya salamu. Mimi nikachoma bambo, nikachota, nikaweka sikioni.

Kimya.

Nikarudia gunia la pili. Kimya. Nikadhani ni masikio yangu. Nikakata. Kokwa laini, inapinda kama jibini, haivunjiki. Hazijaoza, lakini zina maji ya mvua. Nikakata la tatu, la nne, ileile.

Katibu akanisogelea, sauti ya chini chini ya mtu wa kamati. "Mama Agripina, huyo ni mwalimu wako. Ukimwaibisha mwalimu umemwaibisha mama. Mpitishe."

"Zina maji, Katibu."

"Nani hana maji? Mwanadamu mwenyewe ni maji. Gredi ni busara."

Hiyo maana nyingine ya neno, mwalimu wa Ruangwa hakuifundisha. Nikaangalia yale magunia sita yenye uzi wa rangi. Nikaelewa. Akipita mwalimu wangu, atapita Katibu, nani atamzuia? Na Jumamosi kijiji kizima kitakwenda na lori moja.

Wakati huohuo yule mtani Mmakonde akaona nimechelewa kusema, akapaza sauti kutoka kwenye baiskeli zake: "Leo! Leo Wamwera mnalala kushoto! Somoe, njoo nikufundishe kuanika, mimi naanika hata samaki!"

Watu wakageuka kumtazama Bi Somoe, wamejiandaa, wengine wameshaanza kucheka kabla ya jibu.

Hakujibu.

Alikuwa ameniangalia mimi. Anaangalia mdomo wangu. Mtani katukana kabila zima na yeye hakupepesa jicho. Nikarudisha ile salamu kichwani, nimemwamkia kaniambia zimekauka. Bi Somoe hakuwa na majivuno. Bi Somoe alikuwa hasikii. Alichota korosho zake nyumbani, akaziweka sikioni, zikanyamaza, na lile sikio lililozoea miaka mingi likajisikilizia lenyewe kelele za zamani.

Wanangu, ningeweza kusema pale. "Jamani, bibi hasikii, si kosa lake." Wangemhurumia. Na huruma ya kijiji mnaijua. Kesho yake angekuwa na gredi nyingine ambayo haina hata upande wa mlango. Ningeweza pia kumpitisha. Nilishika rozari yangu mfukoni, nikasema Salamu Maria moja, fupi.

"Kushoto," nikasema. Nikalisema taratibu, mdomo wazi, alisome.

Bi Somoe alikaa juu ya gunia lake moja, akaweka fimbo mapajani. Mama mmoja akaninong'oneza, "Una roho ya chuma wewe, halafu jioni unasali." Katibu, yeye akakumbuka ghafla kwamba uzi wa magunia yake haukushonwa vizuri, akayapakia akayarudisha nyumbani "kuyaangalia". Sikuwahi kumuuliza uzi ulikuwa na unyevu kiasi gani.

Nikamwambia mwenye guta, tena kwa sauti wote wasikie, kwamba hazijaoza, mwenyewe akitaka kuzianika upya kabla ya Jumamosi ruksa. Ni haki ya kila mkulima. Akazipakia. Bi Somoe akaondoka bila kunitazama.

Saa tisa nilipotoka kazini nikabeba turubai langu kichwani nikaenda kwake. Nilimkuta anamwaga korosho uani peke yake, anafukuza kuku kwa fimbo.

"Umekuja kuangalia kushoto wanaishije?"

Nikatandaza turubai. Tukamwaga, tukasambaza kwa mikono, kidole kimoja tu kwenda chini, isiwe tabaka nene. Muda mrefu hivi. Halafu nikazunguka nikakaa mbele yake, uso kwa uso.

"Tangu lini, bibi?"

Akaendelea kusambaza. "Tangu Ramadhani iliyopita. Adhana nilianza kuisikia kama inatoka kisimani. Sasa hata kisimani haitoki. Naamka kwa jogoo wa jirani, namwona anafungua mdomo."

"Kwa nini hukuniambia? Ningekuja kukusikilizia."

"Mimi ndiye nikuambie?" Akanyanyua uso, na wallahi, anavyosema yeye, nilimwogopa. "Mimi niliyewafundisha nyote kusikia? Fundi wa sikio akose sikio? Wakijua, watanipa gredi gani, Mama Agripina? Niambie wewe mwenye bambo."

Nilikuwa nimegredi magunia mpaka kifua kimeharibika, sikuwa na neno la kumpa bibi mmoja. Nikachota konzi kwenye mfuko wangu; huwa natembea na korosho chache kavu za mfano, za kulinganishia. Sijui nani aliniongoza, nasema ni Roho Mtakatifu na hamtanitoa hapo. Nikafumba ngumi, nikaiweka chini ya sikio lake, pale kwenye mfupa wa taya. Nikakandamiza. Nikatikisa.

Macho yakamtoka.

Akashika mkono wangu kwa mikono yote miwili, usiondoke. "Tena."

Nikatikisa.

"Zinasema," akasema. Machozi yanashuka na yeye hayafuti, mikono haina nafasi. "Zinasema mfupani."

Nikachota zile za turubai, nikaweka palepale, nikatikisa.

"Bubu!" Akanisukuma. "Bubu kabisa! Na wewe ulichelewa kusema mbele ya watu, nilikuona, ulitaka kunipitisha. Nilikufundisha hivyo?"

Siku mbili jua lilikuwa la Mungu. Kila saa anageuza, anachota, ngumi kwenye taya, anatikisa. Zile zilizokataa anazihamishia pembeni. Nilimsaidia jioni tu. Ijumaa nilipofika aliniambia rudi nyumbani kwa mumeo, hii kazi naijua.

Jumamosi lori limesimama, watu ni wengi kuliko Jumatano, maana hakuna aliyetaka kukosa mwisho. Guta likaja. Bi Somoe akashuka, hakungoja mtu. Mbele ya wote akafungua gunia la kwanza, akachota, akaweka ngumi kwenye taya, akafumba macho. "Sasa wewe," akaniambia. Nikatikisa sikioni kwangu, zinasema. Nikakata, nyeupe, inavunjika tak. Kulia. La pili, kulia. La tatu, kulia.

La nne sikuligusa. Alilivuta mwenyewe, akaliburuta taratibu mpaka upande wa kushoto, akalisimamisha peke yake, akalipigapiga likae vizuri. Ni zile alizozihamishia pembeni. Mtu mzima, mjane, maisha yote kulia, anapeleka gunia lake kushoto kwa mikono yake mchana kweupe. Baadaye niliona wengine wawili wanatoa magunia yao kwenye foleni kimyakimya, wanayapeleka kushoto bila kuambiwa.

Lori lilifika ghala kuu, wakachoma bambo wanakotaka, likapita lote.

Na sasa cheka na mimi. Wiki iliyofuata kijiji kizima kinaweka ngumi kwenye taya. Hawajui kwa nini. Wanasema ndiyo njia mpya ya Bi Somoe, ya kitaalamu. Katibu alirudi na magunia yake sita, akaweka ngumi kwenye shavu, si hata kwenye mfupa, shavuni kwenye nyama, akafumba macho akatangaza, "Gredi wani!" Nikachoma bambo. Mawili kulia, manne kushoto. Akasema mfupa wake una mafuta.

Hayo yote nisingeyaandika. Nilikaa nayo mwaka mzima, nikaitwa roho ya chuma mpaka kwenye jumuiya. Mwezi uliopita nikamwendea Bi Somoe kumwomba ruhusa. Akafikiri, akasema, "Andika. Wanaosoma huwa hawapigi kelele." Halafu akasema niwaambie na nyie vijana kwamba kile kidude ni kizuri, lakini betri ikiisha mna mifupa.

Nimesahau kuwaambia mwisho wa ile Jumamosi. Lori linawashwa, yule mtani Mmakonde akashindwa kuvumilia. "Somoe! Umeacha moja kushoto, la nani hilo?"

Bi Somoe ananitazama. Nikamrudishia lile neno la mtani kwa mdomo, bila sauti, kama anayetafuna.

Akageuka kwa Mmakonde, akanyoosha fimbo. "Hilo mahari yako! Wajomba wameuliza gredi yako, nikawaambia msijichoshe kushona gunia la pili!"

Ghala lilicheka mpaka vumbi likashuka darini. Na yeye, ambaye hakukisikia kile kicheko, aliweka mkono kwenye mlango wa bati, akauacha pale mpaka bati lilipoacha kutetemeka.

Siku hizi nikimkuta njiani simwamkii kwa mbali. Naenda mpaka karibu, nainama, naweka paji langu kwenye mfupa wa taya yake, nasema shikamoo.

"Marahaba," ananijibu. "Leo umesema."